Platini na Ndugu Yake

Dada yangu aliiweka pete juu ya meza yangu ya kazi na kuifunika kwa kiganja, kama mtu anayezuia panzi asiruke. Ilikuwa Jumatatu, baada ya swala ya adhuhuri, wakati ambao jua la Gongoni, mtaa wetu hapa Tabora, huyapiga mabati mpaka yakalia na wenye maduka huvuta viti vyao ndani. Mimi ni sonara. Duka langu ni mlango mmoja na dirisha moja, na dada hana kawaida ya kuja pale. Mambo yetu huyazungumza nyumbani kwake, juu ya mkeka. Nilipomwona amesimama na hataki kiti, nilijua kuna jambo.

"Mwanangu anaoa Ijumaa," alisema, kana kwamba mimi mjomba mtu sikuwa na habari. "Ataivaa hii ya baba yake. Haimwingii. Lakini kabla hujaipanua, mdogo wangu, niambie kama ni dhahabu."

"Shemeji alisema platini."

"Alisema. Sasa hayupo wa kusema tena. Niambie wewe."

Kwetu sisi Waislamu mwanamume havai dhahabu. Mwanamke ajipambe nayo apendavyo. Mwanamume, akitaka pete, avae fedha. Kila sonara wa mji huu anajua hilo kabla hajajua kushika tupa, na hata kiungo cha pete ya mwanamume tunakiunga kwa fedha, si kwa dhahabu. Pete ya marehemu shemeji ilikuwa nyeupe, pana, bila nakshi. Aliinunua Ujiji enzi zake za kuendesha malori kati ya Tabora na Kigoma, kwa mtu aliyevuka nayo ziwa, na mtu huyo alimwambia ni platini. Shemeji alilipenda neno hilo. Alilitamka akiwa amenyoosha kidole, na hakuna aliyembishia akiwa hai.

Aliyembishia alipokwisha kufa ni mdogo wake, ambaye ana duka la vitambaa barabara ya pili kutoka kwangu. Jumapili tulikaa kikao cha harusi, dada akaitoa pete, na yeye akaikataa mbele ya watu. Hoja yake ilikuwa fupi. Fedha huwa nyeusi. Shaba huota kijani. Chuma hushika kutu. Pete hii imekula jasho, dizeli na mvua miaka yote ile na haijabadilika hata kidogo. "Kitu kisichobadilika ni dhahabu peke yake," alisema. "Hii wameipaka weupe tu. Kaka yangu alidanganywa, Mungu amrehemu, akaswali nayo. Sasa mtoto naye aanze ndoa na haramu kidoleni?"

Hakuwa na nia mbaya. Sauti yake ilikatika alipotaja kuswali. Na kosa lake ni la wengi hapa. Njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipita kwetu na kuacha masikioni mwa watu majina ya madini machache: shaba, chuma, fedha, dhahabu. Tukipewa kitu kipya tunakitafutia nafasi ndani ya hayo.

Mimi nilimaliza darasa la saba tu. Ufundi nilipewa na baba yangu. Mengine nimeyasoma mwenyewe, katika vitabu vya kemia vya sekondari nilivyonunua vimechakaa, na siku hizi kwenye simu. Kwa hiyo nilijua kwamba yapo madini mengine meupe yasiyobadilika. Nilijua pia kuwa kuna dhahabu nyeupe ya kweli, iliyochanganywa na madini mengine mpaka ikapoteza njano yake. Mdogo wa marehemu angeweza kuwa amesema kweli. Dada aliondoa kiganja.

"Acha hapa," nilimwambia. "Njoo kesho."

"Sitoki," akasema, na hapo ndipo alipovuta kiti.

Nilichukua kioo cha kukuzia. Ndani ya pete kulikuwa na muhuri: tisa, tano, sifuri, na mbele yake herufi zilizokwisha kulika. Namba hiyo maana yake ni kwamba katika sehemu elfu moja za pete, sehemu mia tisa na hamsini ni madini yenyewe. Kwa dhahabu ni muhuri usio wa kawaida, nikapumua kidogo. Lakini platini hugongwa muhuri huo huo, na paladi pia, na muhuri ni kitu cha kugonga tu. Mwenye nyundo na nia mbaya hugonga namba aitakayo.

Niseme kuhusu hizi mbili, kwa sababu wiki ile nzima niliishi kati yao. Platini na paladi hutoka katika miamba ile ile, mara nyingi zikiwa pamoja, na kwa macho ni vigumu kuzitenganisha. Zote hazishiki kutu. Zote huwekwa ndani ya bomba la moshi la gari, kwenye kile kikopo ambacho mafundi wetu hukikata na kukitupa, ili zisafishe sumu ya moshi bila zenyewe kuisha. Wauza meno bandia hupenda zaidi paladi. Wenye maabara hupenda vyombo vya platini, kwa kuwa moto mkali na tindikali karibu zote haziviharibu. Ukizishika ndipo zinaachana. Platini ni nzito kuliko dhahabu safi, zaidi ya mara ishirini ya maji ya ukubwa wake. Paladi ni kama mara kumi na mbili tu. Platini haiyeyuki kwa moto wa duka kama langu. Paladi nayo inahitaji moto mkali sana, ila ina tabia ambayo sonara akiisoma halali vizuri: hunywa gesi. Hidrojeni, ambayo imo katika mwali wa gesi usiopata hewa ya kutosha, huingia ndani yake kama maji kwenye sifongo, mara mamia ya ukubwa wake, na pete iliyokuwa laini ikawa ya kuvunjika.

Platini ilikuwa na matumizi mengine niliyoyajua kwa karibu. Shemeji aliugua saratani. Nilikuwa naye hospitalini siku alipowekewa dripu ya kwanza, na kwa mazoea yangu niliokota kikaratasi kilichokuwa ndani ya boksi la dawa nikakisoma. Dawa ile ilitengenezwa kwa platini. Nilimweleza. Akainua mkono wenye pete, umeshakonda, pete inacheza, akacheka: "Basi shemeji, sasa ninayo nje na ndani."

Dada alikuwapo. Neno hilo alilirudia msibani kwa kila aliyekuja kumpa pole.

Nilianza na mizani. Nina mizani ndogo ya betri. Niliipima pete kavu, kisha nikaweka kikombe cha maji juu ya mizani, nikairudisha sifuri, nikaining'iniza pete ndani ya maji kwa uzi bila kugusa chini. Mizani inaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Ukigawanya ule wa kwanza kwa huu wa pili unapata jibu. Nilitegemea ishirini, na niliogopa kumi na tano, kwa kuwa huko ndiko dhahabu nyeupe hukaa. Nilipata kumi na moja kasoro.

"Inasema nini?" dada akauliza.

"Subiri."

Kumi na moja kasoro ni karibu na fedha. Lakini fedha ingekuwa nyeusi zamani. Niliangalia kikombe kwa kioo nikaona povu dogo limeng'ang'ania ndani ya pete kama yai la chawa. Nilitia tone la sabuni kwenye maji, povu likaachia, nikapima upya, na tena. Jibu lilisimama karibu na kumi na mbili.

Kisha nilisugua pete kwenye jiwe jeusi la kupimia mpaka ikaacha mstari. Pembeni nilichora mstari wa dhahabu kutoka kwenye kipande changu cha kulinganishia.

"Kila ukiipima inapungua?" dada aliuliza.

"Kidogo sana. Jicho halitaona."

"Jicho langu litaona."

Nilidondosha tindikali juu ya mistari yote miwili. Wa dhahabu ulibaki. Wa pete ulianza kufifia polepole, na tone likageuka rangi ya chai ya rangi. Platini isingetikisika. Kama ingekuwa fedha, ukitia chumvi tone lingekuwa jeupe kama maziwa. Nilitia, halikuwa.

"Si dhahabu," nilimwambia.

Alifunga macho, akasema alhamdulillahi. Ningeweza kuishia hapo. Lakini angekwenda kwa mdogo wa marehemu kusema ni platini, na yule ni mfanyabiashara. Angetafuta mtu mwingine wa kupima.

"Dada, na platini si yenyewe. Hii inaitwa paladi."

Alifungua macho. "Ni kitu gani hicho?"

"Ni ndugu yake. Hutoka mwamba mmoja. Haibadiliki, kama yeye. Ni nyepesi tu."

Nilijua anachokifikiria, kwa sababu nami nilikuwa nakifikiria: nje na ndani. Aliichukua pete mezani, akaitazama kama anaisoma upya. Niliogopa atalia pale dukani mbele ya wapita njia. Hatimaye akasema, "Ndugu wa baba mmoja mama mmoja?"

"Tumbo moja."

"Basi marehemu alikosea jina la mtoto, hakukosea nyumba." Akairudisha. "Ipanue."

Kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Kupanua pete kuna njia mbili: kuikata na kuongeza kipande, au kuivuta juu ya chuma cha mviringo kwa nyundo ya mti mpaka ikubali. Kukata kunahitaji kuunga, na lehemu yangu yenye nguvu ya kuungia madini magumu ina dhahabu ndani yake. Hiyo sikutaka hata kuifungulia kopo. Nilichagua kuivuta. Lakini pete iliyokaza huvutwa baada ya kulainishwa kwa moto, na moto ndio niliouogopa. Nilimwambia dada arudi kesho yake, na usiku sikulala vizuri. Niliona pete imepasuka kidoleni mwa kijana katikati ya watu.

Jumanne alikuja mapema, na kitafunio kwenye kitambaa, akakaa kwenye kiti kile kile. Nilifungua hewa nyingi kuliko gesi mpaka mwali ukawa mwembamba, wa bluu, unaopiga mluzi. Mwali wa namna hiyo hauachi hidrojeni ya kunywewa. Niliweka pete juu ya tofali na kuuzungusha moto taratibu. Iliiva nyekundu. Niliondoa moto kuitazama inavyopoa, na mbele ya macho yetu pete nyeupe ikageuka bluu, kisha zambarau, kama shingo ya njiwa.

Dada alisimama, kitafunio kikaanguka. "Umeiunguza! Ya Allah, umeiunguza pete ya mtu!"

"Kaa, dada. Ndivyo ilivyo. Platini ingebaki nyeupe. Paladi huota ngozi hii ikipoa hewani. Ukiirudisha kwenye moto mkali inaondoka, na ukiitumbukiza haraka kwenye maji hairudi."

"Irudishe basi!"

Sikuirudisha. Nilikuwa nimeona kitu kingine. Katikati ya ile zambarau, upande wa muhuri, palikuwa na mstari mmoja uliokataa rangi. Ulikuwa mwembamba kama unywele, umekatiza upana wote wa pete, na ulikuwa wa manjano hafifu. Pete hii iliwahi kukatwa na kuungwa kabla haijamfikia shemeji. Sonara wa huko ng'ambo alikuwa na lehemu kama yangu.

Ningeweza kuisafisha, mstari ukapotea tena chini ya weupe, na hakuna mtu angeuona mpaka kiama. Lakini kama ningeivuta ikiwa na kiungo hicho, ingeachia hapo hapo. Na hata isingeachia, dada aliniuliza swali moja tu.

Nilikwaruza mstari ule kwa ncha ya sindano, nikasugua unga wake kwenye jiwe, nikadondosha tindikali. Ulibaki manjano.

"Imo," nilisema. "Kwenye kiungo tu. Unywele mmoja."

Dada alinitazama. Nilimwonyesha mstari kwa kioo. Alishika kioo kwa mikono miwili.

"Alijua?"

"Asingejua. Hata mimi sikuuona mpaka moto ulipouonyesha."

"Itoe."

"Nikiitoa pete inakuwa fupi zaidi. Itabidi niweke kipande, na kipande hicho nikiunge kwa fedha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo inategemea. Platini haipatani na fedha. Kiungo kinakuwa dhaifu, na kila ukikirudia moto kinazidi kuharibika. Paladi na fedha zinapokeana." Nilikuwa najiambia mwenyewe zaidi kuliko kumwambia yeye. Kama ingekuwa platini, kama marehemu alivyoamini, ningemrudishia pete siku ile na kumwambia basi.

Dada alivua bangili. Ilikuwa ya fedha, pana, aliyovishwa na shemeji wakati wa mahari, na tangu atoke eda sikuwahi kuona mkono wake bila hiyo. Aliiweka juu ya tofali kando ya pete.

"Kata hapa."

"Ninayo fedha ya dukani, dada."

"Sikukuuliza unayo nini. Kata."

Nilikata kipande kwenye bangili, kama upana wa punje mbili za mchele, nikazisugua ncha zake kwa tupa zisimkwaruze. Kisha nikakata pete pande zote mbili za ule mstari. Kikaanguka kipande kidogo chenye unywele wake wa manjano. Dada alikiokota, akakifunga kwenye kona ya leso yake kwa fundo.

Kuunga nilikufanya alasiri, dirisha likiwa wazi kuondoa joto. Nilipaka boraksi, unga unaosaidia lehemu kutiririka, nikakibana kipande cha bangili mahali pake, nikaweka lehemu ya fedha kwenye viungo, nikaleta mwali. Fedha huyeyuka kabla paladi haijahisi chochote. Ukichelewa kuondoa moto unabaki na pete iliyokatika na tone la fedha kwenye tofali. Dada alikuwa ananong'ona dua nyuma yangu na nikamwomba anyamaze, akanyamaza, ikawa vibaya zaidi. Lehemu ilimeremeta, ikakimbia ndani ya viungo vyote viwili mara moja kama maji yanavyoingia kwenye ufa. Niliitupa pete majini. Iliposhusha mlio niliibonyeza kwa koleo, nikaigonga, nikaivuta kidogo juu ya chuma. Haikulia wala kupasuka. Nilipoing'arisha, kipande cha fedha kilionekana: weupe wake ni wa maziwa, wa pete ni wa kijivu.

"Hiki kitakuwa cheusi baada ya muda," nilimwambia. "Pembeni hakutabadilika. Atalazimika kukisugua."

"Atasugua. Ana mikono."

Ijumaa tulikwenda Igalula, kwao bibi harusi, tukiwa na magari mawili ya kukodi na vumbi la njia nzima. Kijana wetu, anayefanya kazi Isikizya, alikuwa amekaa siti ya mbele akijifuta paji la uso kila mara. Pete ilikuwa mfukoni mwangu na niliigusa kila gari liliporuka shimo. Nilikuwa na hofu mbili: kwamba kiungo kitaachia, na kwamba nitaulizwa.

Pete si sharti la nikaha. Lakini baada ya nikaha kupita na dua kusomwa, kwetu baba humvisha mwanawe kitu, na mahali pa baba alisimama mdogo wa marehemu. Nilimkabidhi pete mbele ya mkeka. Hakumvisha. Aliiweka katikati ya kiganja, akakipandisha na kukishusha, kama anavyopima kitambaa kwa mkono kabla ya kununua jora.

"Nyepesi," alisema.

"Nyepesi," nilikubali. "Dhahabu ya ukubwa huu ungeihisi."

"Shemeji, wewe unasoma vitabu vingi, mpaka pete umeisomea. Nijibu kama unamjibu kaka yangu. Haikuwa na dhahabu kabisa?"

Watu walikuwa wanasikiliza. Dada alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia lililofungwa nusu, na niliuona mkono wake umeshika leso. Hakunifanyia ishara yoyote.

"Ilikuwa nayo kwenye kiungo," nilisema. "Kiasi cha unywele. Nimeikata nikaitoa, nikaunga kwa fedha. Mama yake anayo."

Aliipindua pete kiganjani. Kwa muda ule nilimwona kijana amekaza kidole hewani, hajui kama akirudishe.

"Kwa hiyo nilisema kweli," mdogo wa marehemu alisema hatimaye.

"Ulisema kweli kwa kiasi cha unywele."

Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi alicheka kwa pua. Mdogo wa marehemu naye akatabasamu, macho yamelowa. "Unywele unanitosha. Mwenyewe sina kichwani." Akauvuta mkono wa kijana, akaisukuma pete. Ilikwama kidogo kwenye fundo la kidole, ikapita. Akaigeuza mpaka kipande cha fedha kikawa juu. "Na hiki ni nini?"

"Cha mama," kijana alisema.

Tukirudi, dada alikaa karibu nami siti ya nyuma. Alikuwa amevaa bangili yake, imebaki na pengo. Mara kwa mara aliizungusha bangili mkononi, pengo likaja juu, akaliangalia, akalizungusha tena likaenda chini.